Napoli, Nilikokuwa Kaka wa Mke Wangu

Nyote mlioniuliza mlipata jibu moja: ilikuwa safari njema. Okello, wewe uliniuliza ndani ya gari tukitoka uwanja wa ndege, nikajifanya nina usingizi. Mwanasha, ulitupikia pilau Ijumaa ile, ukaniuliza mbele ya watu wote, "Shemeji yetu hajambo?" nikasema hajambo, anawasalimu. Kwamba hajambo ni kweli. Salamu nilizitunga mimi. Haya mengine yamenishinda kuyasema kwa mdomo, ndiyo maana nimekaa siku yangu ya mapumziko nikayaandika, myasome kila mtu kwa wakati wake, kisha tusiyazungumze sana.

Mambo ya viza na barua za kazini nayaruka. Mlikuwepo, mnayajua.

Kutoka Najma, Doha

Kwa wale waliohamia kwetu juzi na hawanijui vizuri: mimi ni Simiyu, mtu wa Bungoma, na huu ni mwaka wa tano naoka mikate na keki katika mkahawa wa Kitaliano kule The Pearl, hapa hapa Doha. Mke wangu Nekesa yuko Napoli, Italia. Aliondoka nyumbani miaka saba iliyopita, mtoto wetu Nafula akiwa na miezi kumi na mmoja. Tulipanga akae miaka miwili, amtunze kikongwe mmoja, kisha arudi. Miaka miwili ikawa mitatu kwa sababu hakuwa na makaratasi, na bila makaratasi, ukitoka Italia huwezi kurudi tena. Tukangoja. Mimi nikaja Doha, Nafula akabaki kwa mama yangu. Mwaka jana Nekesa akapata makaratasi. Nikangoja aseme anakuja kumwona mtoto. Kwanza alisema bibi anayemtunza ni mgonjwa. Halafu akasema wakati si mzuri. Halafu akawa hajibu.

Nilipomwandikia kwamba nakuja mimi, Krismasi, alikaa siku tatu bila kusema kitu. Siku ya nne akaandika: "Sawa. Karibu." Mnakumbuka nilivyozunguka na ile simu nikiwaonyesha, kama mtu aliyepata barua ya mapenzi. Maneno mawili! Mwanasha peke yake ndiye aliyesoma kisha akanirudishia simu bila kucheka.

Mpishi wetu mkuu ni Mwitaliano wa kaskazini. Alinipa siku nane kwa kuwa nilikuwa nimefanya kazi Krismasi nne mfululizo. Mnajua ilivyo hapa, sisi tunaoisherehekea ndio tunaowaokea wengine. Siku mbili kabla ya safari nilikanda mkate wa Krismasi wa kwao, ule mrefu kama kofia ya mpishi, wenye zabibu kavu na maganda ya machungwa, wanaouita panettone. Unga wake unaumuka polepole, tena mara tatu, na ukiutingisha unaanguka. Nikaufunga, nikaupakata kama mtoto hadi ndani ya ndege.

Doha hadi Roma

Ndani ya ndege sina la kusimulia. Ni Roma ndipo mambo yalipoanza. Askari wa pasipoti, kijana mwenye ndevu zilizochongwa vizuri, aliniuliza nimefuata nini.

"Kumwona mke wangu."

"Mara ya mwisho mlionana lini?"

"Miaka saba iliyopita."

Akaacha kuandika. Akanitazama, akatazama pasipoti, akamwita mwenzake. Nikatolewa kwenye foleni nikaketi kwenye kiti cha plastiki karibu saa nzima, mkate mapajani. Niligundua kwamba waliona ninadanganya. Mtu hakai miaka saba bila kumwona mkewe. Kwao hilo halipo. Mwishowe yule kijana akapiga namba ya Nekesa, akaongea naye, akacheka kidogo, akanirudishia pasipoti.

"Mwanamke amesema anakufahamu," akasema. "Pita."

Nilipokuwa nakimbilia treni lile neno lilinifuata. Anakufahamu. Nikajiambia labda Kiingereza cha yule askari ni kibovu.

Kituo cha treni, Roma

Kwenye kituo kikuu ubao mzima ulikuwa na maandishi mekundu. Wafanyakazi wa treni walikuwa wamegoma, siku mbili kabla ya Krismasi. Watu walikaa juu ya masanduku, wengine wakilalamika zaidi kwa mikono kuliko kwa midomo. Nikapata nafasi kando ya mzee mmoja mwenye kofia ya sufi, anayerudi Napoli kutoka kwa bintiye.

Kiitaliano changu, mnajua, ni cha jikoni. Naweza kusema moto, haraka, sahani, ondoka njiani, na matusi kadhaa ambayo kwa muda mrefu niliyadhani ni salamu. Yule mzee aliponimegea chungwa na mkate wenye nyama, nilitaka kumshukuru kwa heshima nikaropoka yale tunayoambiana chakula kikiwa tayari: "Meza ya nne, toa!" Alicheka hadi akakohoa. Akauliza nimebeba nini. Nilipomwambia ni panettone kutoka Doha, alifuta machozi akawaambia waliokaa karibu kwamba Mwafrika huyu ameleta panettone kutoka jangwani kwa Waarabu, tena anaipeleka Napoli, ambako watu wenye akili hula vitu vyao wenyewe.

Tulikaa pale kwa saa saba, mpaka treni ya kwanza ilipoondoka. Katika saa ya tano hivi Nafula alinitumia ujumbe wa sauti kutoka Bungoma. "Baba, ukimwona mama mwambie nimekuwa wa tatu darasani. Halafu mwambie mje wote." Mzee hakuelewa maneno lakini aliijua sauti ya mtoto. Akauliza, nikamweleza kwa vipande vipande. Nilipofika kwenye ile miaka saba alivua kofia.

"Baba yangu alikwenda Ubelgiji, kuchimba makaa," akasema kwa maneno mepesi na kwa mikono. "Alikaa miaka kumi na mmoja. Aliporudi nilimsalimia, 'Habari za asubuhi, bwana.' Mama alinipiga kofi. Lakini mimi kweli sikuwa na neno lingine la kumwita."

Nilidhani ananiambia kuhusu Nafula na mama yake. Sasa nafikiri alikuwa ananiambia kuhusu mimi pia, ila sikusikia.

Napoli, mtaa wa mapango

Nekesa alikuwa amesimama chini ya saa ya kituo, amevaa koti jeusi refu, nywele amezikata fupi. Nilimjua kwa miguu. Bado anasimama mguu mmoja umekunjwa kidogo. Nilifungua mikono. Alikuja, akaniegemea kifuani kwa muda wa kuvuta pumzi moja, akarudi nyuma.

"Umefika, Simiyu."

Tangu Nafula azaliwe Nekesa hajawahi kuniita kwa jina. Mimi ni Baba Nafula. Kwenye simu, kwenye ugomvi, kitandani, ni Baba Nafula. Nikasema, "Nimefika, Mama Nafula."

Akageuka kutazama kama kuna anayesikia.

Alikuwa na ruhusa ya saa mbili. Kwanza alinipeleka nitakapolala: kwa mama mmoja wa Sri Lanka karibu na kituo, chumba chenye kitanda kimoja chembamba na picha ya Bikira Maria iliyozungushiwa taa. Nikamuuliza, "Na wewe?" Akasema yeye analala kazini, bibi hawezi kuachwa peke yake. Nilikitazama kile kitanda. Yeye akatazama dirisha.

Halafu akasema twende nione Krismasi ya Napoli, nisije nikarudi Doha bila cha kusimulia. Akanipeleka kwenye kichochoro cha mafundi wa mapango ya Krismasi, yale ya kuzaliwa kwa Yesu. Jamani, nimeona mengi lakini si kama hayo. Kichochoro chembamba, umati umejaa, askari anawaelekeza watu waende upande mmoja tu. Kila duka limejaa mapango ya magome ya miti, na si Yusufu na Maria na punda peke yao. Ni mji mzima: muuza samaki na samaki wake wadogo kama punje, mwanamke anayefua na mkono unaokwenda juu na chini kwa mota, mwokaji anayeingiza mkate kwenye tanuri lenye moto wa taa, maji yanayotiririka kweli. Juu kabisa kuna mchungaji aliyelala. Nekesa aliniambia huyo haamshwi. Wanasema pango zima ni ndoto yake, akiamka kila kitu kinapotea. Na hori, kila pango, lilikuwa tupu. Mtoto hawekwi mpaka usiku wa tarehe ishirini na nne.

Alinunua struffoli kwenye kikombe cha karatasi: vidonge vya unga vilivyokaangwa, vikamwagiwa asali na vipambo vya rangi. Nikamwambia ni luqaimat hizi, kwetu Doha tunazila Ramadhani, ni ndugu kabisa. Alinisikiliza kwa adabu, kama unavyomsikiliza mgeni.

"Nafula amekuwa wa tatu," nikasema. "Amesema tuje wote."

"Amefanya vizuri," akasema. Kisha: "Nimechelewa. Bibi anameza dawa saa moja."

Soko la samaki

Asubuhi ya tarehe ishirini na nne tulikutana sokoni, yeye na orodha ya bibi, mimi wa kubeba. Napoli mkesha nyama hailiwi; ni samaki mpaka mtu achoke. Mitaa mizima ilikuwa beseni za buluu zenye maji yanayochemka kwa viumbe hai: chaza wadogo wanaotema maji, pweza, na zaidi ya wote mikunga, wale samaki warefu kama nyoka. Mkunga jike mnene ndiye bwana wa mkesha. Asipokuwepo mezani, wanasema, hakuna Krismasi. Wauzaji walikuwa wanaimba bei kama waadhini wanaoshindana.

Nekesa alibishana na muuzaji kwa lugha ambayo si Kiitaliano cha mpishi wangu hata kidogo, ni kitu cha mle mle mitaani, na mikono yake ikaenda kama yao. Muuzaji alipomtoa mkunga ili ampime, akamponyoka. Akaanguka chini, akateleza katikati ya viatu vya watu, wanawake wakapiga mayowe, mtu akaruka juu ya sanduku la ndimu. Mkunga akanijia mimi. Nami, mtu wa Bungoma, niliyefundishwa tangu utotoni nyoka anakabiliwa vipi, nikapiga kelele nikapanda juu ya kizingiti cha duka nimeinua mfuko wa brokoli.

Nekesa alicheka. Alicheka kile kicheko chake cha zamani, ameinama, mkono kwenye goti, hawezi kupumua. "Shuka, Baba Nafula!" akasema. "Shuka, Baba Nafula, ni samaki!"

Halafu akajisikia alivyoniita. Kicheko kikamkatikia mdomoni. Akachukua mfuko wa mkunga kwa muuzaji na kutangulia mbele, wala hakugeuka tena mpaka tulipofika kwenye mlango wa jengo. Lakini mimi nilitembea nyuma yake nikiwa na furaha ambayo sijawahi kuwa nayo tangu nije Ghuba. Nilijua nimempata. Nawaambia hili ili mjue nilianguka kutoka juu kiasi gani.

Mkesha

Nilifika kwa bibi jioni, nilikoalikwa kula, nimepiga pasi shati, mkate mkononi. Ghorofa ya tatu, bila lifti. Mlango ulifunguliwa na Enzo, mtoto wa kiume wa bibi, mtu wa makamo mwenye tumbo na uso mwema. Akanikumbatia, akanibusu mashavu yote mawili, akageuka ndani akatangaza kwa sauti:

"Mama! Kaka wa Nekesa amefika!"

Niliijua ile kauli. Kaka ni neno la jikoni. Mpishi wetu anatuita hivyo akiwa na furaha. Nikadhani amekosea. Nikafungua mdomo nimsahihishe: "Hapana, mimi ni..."

Nekesa alikuwa ametokea nyuma yake, amevaa aproni. Alinishika mkono juu ya kiwiko, kwa nguvu, akitabasamu kwa ajili ya Enzo. Kwa Kiswahili akasema, taratibu, "Tafadhali. Leo tu. Nakuomba kwa jina la mama yangu."

Nikafunga mdomo. Hata leo sijui kama nilifanya vizuri.

Mezani walikuwa Enzo, mkewe, na mwenye nyumba, Bibi Carmela, mwembamba kama ufagio, amekaa kwenye kiti chenye magurudumu na hereni za dhahabu. Niliwekwa kando yake. Vikaja vyakula: tambi na chaza, vipande vya samaki mkavu wa chumvi aliyelowekwa siku tatu kisha akakaangwa, koliflawa yenye zeituni, pilipili za siki na dagaa wa chumvi. Ukimaliza sahani, nyingine. Mkunga alikaangwa vipande, ngozi yake ikawa kavu na nyama nyeupe yenye mafuta. Kama mpishi nawaambia alikuwa mtamu. Kama mtu, sikuweza kummeza.

Mke wa Enzo, kwa nia njema tu, akaniuliza polepole, "Na wewe, umeoa?"

Meza ikaningoja. Nekesa alikuwa mbele yangu, amekaza macho kwenye uma wake.

"Nimeoa," nikasema. "Nina mke. Na nina binti, karibu miaka minane."

"Mzuri! Na mkeo yuko wapi Krismasi hii?"

"Anafanya kazi mbali."

"Maskini," akasema mke wa Enzo. "Na mtoto anamkosa mama yake."

Nekesa akasimama akasema samaki ataungua. Jikoni jiko lilikuwa limezimwa. Niliona kutoka nilipokaa.

Walikata ule mkate wangu. Bibi Carmela alionja, akaonja tena, akasema si kitu cha Napoli lakini mikono iliyoukanda ni mikono safi. Halafu zikaja biskuti ngumu za lozi, duara kama bangili, zile za kuvunja meno, na Enzo akanifundisha kuzichovya kwenye mvinyo. Walinipenda, ndugu zangu. Hilo ndilo lililoniumiza. Hakuna aliyenidharau mle ndani ambaye ningeweza kumkasirikia.

Saa sita walizima taa. Kwao aliye mdogo nyumbani ndiye humbeba Mtoto hadi horini, na kwa kuwa Enzo hana watoto, kila mwaka ni Nekesa. Alimtoa kwenye kitambaa, sanamu ya udongo isiyozidi kidole, akamweka kiganjani, akazunguka chumba polepole, sisi nyuma yake na mishumaa, Bibi Carmela akisukumwa na kuimba kwa sauti iliyopasuka. Kila alipopita kizingiti alimkinga kwa mkono wa pili. Nilimwona akimlaza. Alimfunika miguu kwa nyuzi za majani.

Nilikumbuka mlango wa nyumba yetu siku aliyoondoka, alivyomlaza Nafula kabla ya kutoka. Nikatoka kwenye ngazi nikasimama gizani mpaka Enzo alipokuja kuniuliza kama ni mkunga amenikataa tumboni. Nikasema ndiyo.

Krismasi yenyewe

Asubuhi ya Krismasi Napoli imefungwa. Ule umati wote umeingia ndani kula. Tulikaa kwenye ngazi za kanisa moja dogo, mimi na yeye, na mfuko wa machungwa katikati yetu.

"Ni nani?" nikauliza.

"Nani ni nani?"

"Huyo mwanamume."

"Hakuna mwanamume, Simiyu. Angekuwepo ungeelewa. Mama yako angeelewa, kijiji kizima kingeelewa. Hakuna."

"Basi ni nini?"

Alimenya chungwa hadi mwisho kabla ya kujibu. Akasema siku aliyoenda kuomba kazi, Enzo alimuuliza kama ana watoto, kwa sababu msaidizi wa kwanza alimwacha bibi ghafla akarudi kwa wanawe. Akasema hana. "Nilisema ili nipate kazi. Usiku huo nilitapika. Mwaka wa kwanza nilikuwa nalia bafuni, maji yamefunguliwa. Mwaka wa pili nililia kidogo. Mwaka wa tatu siku moja niliulizwa na jirani, nikasema sina mtoto, nikaendelea kukata vitunguu. Nilipofika kitunguu cha tatu ndipo nikajua kwamba sikuhisi kitu."

"Lakini sasa una makaratasi."

"Ndiyo. Nilipoyapata niliogopa kuliko nilivyokuwa bila hayo. Kukosa makaratasi ndiko kulikokuwa kunanikinga." Akakusanya maganda ya chungwa. "Nafula akinipigia simu ananisalimia kama anavyomsalimia mwalimu mkuu. 'Habari ya leo, mama. Mimi niko sawa.' Simjui yule mtoto. Namwogopa. Nikirudi atanitazama, na mimi nitaona nilichofanya. Hapa hakuna anayenitazama hivyo. Hapa mimi ni mtu mzuri."

"Na mimi?"

"Nilikuwa nakupenda sana."

Sijui kama mnaelewa jinsi mtu anavyoweza kuchukia silabi moja, ile "li". Kengele zilikuwa zinalia. Nilimwambia nitamsamehe, twende tukaanze upya, nitaacha Doha, tutafungua duka la mikate Bungoma mjini. Nilisema mengi, nilimshika miguu pale hadharani. Alinipapasa kichwa kama mtu anayembembeleza mgonjwa anayemtunza, na nikajua kwamba hivyo ndivyo anavyompapasa yule bibi.

Siku ya Bibi Carmela

Kesho yake nilialikwa chakula cha mchana kwa mara ya mwisho, supu ya mboga za majani na nyama za aina nyingi, iliyobaki jana. Nekesa akashuka kwenda duka la dawa. Mara tu mlango ulipofungwa Bibi Carmela akanishika kifundo cha mkono. Vidole vyake vilikuwa baridi.

"Wewe si kaka yake," akasema, polepole ili nielewe.

Niliweka kijiko chini.

"Kaka hamtazami dada yake akila. Wewe hukula, ulimtazama yeye." Akavuta pumzi. "Yule mtoto ni wake?"

"Ni wake."

Akafumba macho akataja jina la Mama wa Mungu. Nilidhani sasa atanisaidia. Yeye ni mama, nikafikiri, atamwambia neno. Alipofumbua macho yalikuwa na machozi, lakini mkono haukuniachia.

"Hajui kwamba ninajua. Usimwambie. Akijua ataona haya, ataondoka." Akanivuta karibu. "Niachie yeye mpaka nife. Sitakawia. Nakuapia, sitakawia."

Nimemfikiria sana kikongwe yule tangu nirudi. Nilitaka kumchukia nikashindwa. Hakuwa na mtu mwingine wa kumgeuza kitandani, na mimi nina mama anayemlea binti yangu. Nilisema tu, "Sawa, bibi," kama tunavyosema kazini, kama vile aliomba chai.

Kurudi

Nekesa alinisindikiza kituoni. Treni zilikuwa zinatembea, hakuna hata moja iliyochelewa. Akanipa mfuko, akasema ni koti la Nafula, la sufi, jekundu, amelichagua mwenyewe. Nililifungua ndani ya treni. Lilikuwa la mtoto wa miaka mitano.

Okello alinipokea, mnajua. Nikalala siku nzima, nikaamka jioni, nikaenda kwa Mnepali pale kona kunywa chai ya karak, nikapiga simu nyumbani. Mama yangu alipokea, hakuuliza kitu, akampa Nafula.

"Baba, umemwona mama?"

"Nimemwona. Ni mzima."

"Anakuja lini?"

Njiani nilikuwa nimetayarisha uongo wa aina tatu. Ulimi ukakataa yote. "Haji, Nafula," nikasema. "Si kwamba umekosa kitu. Haji tu."

Nyuma yake nilisikia kuku, na redio ya mama. Nilingoja alie, nikajiandaa kulia pamoja naye. Hakulia. Aliuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayefuata orodha:

"Na wewe unakuja lini?"

"Mwezi wa nne," nikasema. "Mkataba ukiisha."

"Mwaka jana pia ulisema mwezi wa nne."

Nilisikia akimpa bibi yake simu, na nyayo zake zikienda zake nje.